Udongo Mmoja, Fikra Nyingi: Jinsi Mawazo ya Jamii Yalivyounda Sanaa ya Kitale na Bungoma

Ukimwomba mpenzi wa sanaa akutajie mahali ambapo majengo, sanamu na michoro ya Afrika Mashariki ina historia ndefu, atakupeleka Lamu, Kilwa na Zanzibar, kisha pengine Kampala na Tabaka kule Kisii. Ni nadra kutaja Kitale au Bungoma. Inadhaniwa kwamba huku kulikuwa na matope na manyasi tu, vitu visivyodumu, mpaka reli ilipoleta mabati na saruji. Kwa maelezo hayo, historia ya mitindo inakuwa historia ya vifaa: kifaa kipya kikifika, mtindo mpya unazaliwa.

Naamini maelezo hayo yana kasoro, na eneo lenyewe linatupa njia ya kuyapima. Kati ya Mlima Elgon, safu ya Cherang'any na bonde la mto Nzoia, watu wamejenga kwa udongo kwa karne nyingi. Wasirikwa, wafugaji wa zamani wa hapa, waliuchimba. Wabukusu waliuinua ukawa kuta za ngome. Masetla wa kwanza waliukandika kwenye fito. Wamisionari waliuchoma ukawa matofali, na akina mama waliuchanganya na kinyesi cha ng'ombe wakachora kuta zao. Kifaa kilibaki kile kile, lakini mtindo uligeuka mara nyingi. Basi kilichougeuza ni kingine, nacho ni majibu ya jamii kwa maswali matatu: tunamwogopa nani, tunamwabudu nani na kwa njia gani, na nani anahesabiwa kuwa mwenye ardhi. Tukiyafuata maswali hayo, picha, sanamu na majengo ya huku yanasomeka vizuri.

Mwamba uliochorwa na watu wengi

Ushahidi wa kale unaoonekana kwa macho uko Kakapel, katika vilima vya Chelelemuk upande wa Teso, Kaunti ya Busia, jirani kabisa na Bungoma. Hapo pana mwamba mkubwa uliotokeza na kufunika ardhi iliyo chini yake, na kwenye uso wake kuna michoro ya vipindi tofauti, mingine imechorwa juu ya mingine. Serikali iliutangaza kuwa mnara wa kumbukumbu ya taifa mwaka 2004.

Watafiti wanatofautisha tabaka kadhaa. Michoro ya zamani zaidi ni maumbo: miduara ndani ya miduara na mistari. Wanaihusisha na wawindaji na wakusanya matunda wa jamii ya Watwa, na inafanana na ile ya Nyero, wilayani Kumi, Uganda. Baadaye wakaja ng'ombe wasio na nundu, kazi ya wafugaji. Kisha maumbo yakarudi tena kwa sura nyingine, na hayo yanahusishwa na mababu wa Wateso.

Mwamba ni mmoja, na rangi ni zile zile zitokanazo na ardhi. Aliyechora miduara hakupungukiwa na ustadi wa kuchora mnyama. Kwa watu walioishi kwa kutegemea mvua, msitu na windo, jambo lililostahili kuwekwa juu ya jiwe lilikuwa nguvu isiyoonekana, nayo haina sura ya kuigwa. Mfugaji alikuwa na jambo jipya la kulitafakari, nalo ni mali inayotembea, inayohesabika, inayolipiwa mahari na inayoibwa. Mali ilipoingia katika fikra za watu, iliingia pia katika picha. Mabadiliko makubwa ya mtindo tunayoweza kuyaona huku yalitokea karne nyingi kabla ya reli, na hayakuhitaji kifaa chochote kipya.

Shimo na ukuta

Ukitembea katika mashamba ya Trans-Nzoia ambayo trekta haijasawazisha kila kitu, utakuta mabonde madogo ya mviringo kwenye miteremko, mengine yenye upana wa mita kumi au zaidi. Wenyeji huyaita mashimo ya Wasirikwa. Mwanaakiolojia J. E. G. Sutton, aliyeyachunguza katika nyanda za juu za magharibi, alionyesha kwamba yalikuwa mazizi. Ng'ombe walilala ndani ya shimo, mlango ulielekea upande wa mteremko, na nyumba ya familia iliungana na zizi ubavuni. Ujenzi huo ulidumu takriban kuanzia karne ya 13 hadi ya 18.

Mtindo huu unatuambia adui alikuwa nani. Shimo la familia moja linafaa kumzuia mwizi wa usiku na chui, lakini haliwezi kuzuia jeshi. Vita vya wafugaji vilipobadilika na kuwa kazi ya marika ya vijana waliovamia kwa mamia, shimo likawa mtego kwa mwenyewe. Watu waliliacha, ingawa ardhi ya kuchimba ilikuwepo tele.

Wabukusu walipokaa kusini mwa Elgon walikabiliana na hatari hiyo kubwa zaidi, na jibu lao likawa la pamoja. Walijenga chingoba, yaani vijiji vilivyozungushiwa ukuta mnene wa udongo na handaki kwa nje, vyenye malango membamba yaliyozibwa kwa magogo usiku. Ndani zilikaa nyumba za duara za koo nzima pamoja na mifugo. Wazungu waliopita huku miaka ya 1880 na 1890 walivutiwa na vijiji hivyo vyenye kuta. Mwaka 1895, kikosi kilichoongozwa na maafisa wa Kiingereza, akiwemo C. W. Hobley aliyekuwa na kituo chake Mumias, kilishambulia ngome ya Lumboka na ile ya Chetambe juu ya vilima vya Webuye. Bunduki za Maxim zilizishinda kuta hizo.

Kushindwa kwa ngome kulibadilisha fikra kuliko kulivyobadilisha udongo. Serikali ya kikoloni ilijitwalia kazi ya ulinzi, hivyo haja ya kuishi pamoja ndani ya ukuta ikaondoka. Watu walitawanyika, kila mzee akaweka mji wake kwenye shamba lake. Kisha ikaja kodi ya nyumba, iliyotozwa kwa hesabu ya vibanda, na nyumba ikaanza kuonekana kama kitu anachodaiwa mtu mmoja. Umbo la kijiji lilivunjika kwa sababu jamii ilikuwa imeanza kumwona mtu, ukoo na mamlaka kwa jicho jingine.

Baraza inayotazama mlima

Kaskazini, Kitale ilizaliwa kutokana na wazo la mmiliki mmoja mwenye eneo kubwa. Sheria ya Ardhi ya Milki ya mwaka 1915 iliwapa masetla mikataba ya kukodi ardhi kwa miaka 999. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mpango wa kuwapa ardhi askari wa Kiingereza uliojulikana tangu 1919 ulileta wengi Trans-Nzoia. Reli ikafika Kitale mwaka 1926.

Nyumba nyingi za kwanza za masetla zilijengwa kwa fito, udongo na manyasi, na waliozijenga walikuwa Waafrika. Hata hivyo hakuna ambaye angezifananisha na nyumba za majirani. Zilikuwa na pembe nne, vyumba, dohani ya kutolea moshi, na baraza ndefu mbele iliyoelekezwa Elgon au Cherang'any. Fundi aliyezijenga ndiye yule yule aliyejua kujenga duara. Aliyebadilika ni mtu aliyemwagiza kazi, pamoja na dhana yake ya nyumba.

Tuiweke baraza hiyo kando ya ngome ya Chetambe. Ngome iligeuza mgongo kwa ulimwengu na kutazama ndani. Baraza ilitazama nje, kwa sababu mwenye nyumba aliamini kwamba mandhari yote aliyoyaona yalikuwa yake na kwamba serikali ingemlinda. Uwazi ule unaovutia macho ulilipiwa na watu walioishi nyuma ya shamba katika kambi za vibarua. Uzuri wake ni wa kweli, na dhuluma iliyouwezesha ni ya kweli vilevile. Mchambuzi mwaminifu anapaswa kuyaona yote mawili.

Sheria za ardhi ziliunda pia sura ya mji. Wahindi hawakuruhusiwa kumiliki mashamba katika nyanda zilizotengewa Wazungu, kwa hiyo mali na fahari yao viliingia katika majengo ya biashara. Ndiyo asili ya maduka ya mstari ya Kitale, na ya Bungoma pia ambako reli ya kwenda Uganda ilipita: duka mbele, familia nyuma, na kibaraza kilichofunikwa ambapo mpita njia anajikinga jua na mvua. Jengo lilitangaza jina la ukoo kwa sababu shamba lisingeweza kulitangaza. Mafundi wa Kihindi waliochonga mawe na kupiga paa zake waliwafundisha vijana wa Kiafrika ufundi ambao baadaye ulisambaa vijijini.

Ukuta mtupu na sanamu ya Bikira

Hoja yangu inapata nguvu zaidi katika Bungoma ya wamisionari, kwa sababu hapo makundi mawili yalifika katika kipindi kimoja cha ukoloni, yakafanya kazi na watu wale wale, yakachoma matofali ya udongo ule ule, yakatoa matokeo yanayopingana.

Waquaker, ambao huku wanaitwa Frenzi, walianza Kaimosi mwaka 1902 na kufika Lugulu mwaka 1914. Imani yao ilizaliwa Uingereza katikati ya karne ya 17 kwa kukataa fahari ya makanisa, kwa kuwa waliamini nuru ya Mungu iko ndani ya kila mtu na haihitaji kuhani, sanamu wala mnara. Misheni yao hapa ilianza kwa jina lililotaja kazi za viwanda, nayo ilifundisha useremala na uchomaji wa matofali. Matokeo yake ni nyumba za ibada zenye kuta tupu, madirisha ya kawaida, mabenchi yaliyonyooka na mbao zilizopigwa randa vizuri. Hakuna msalaba wenye mwili wa Yesu, hakuna madhabahu wala picha.

Wakatoliki wa shirika la Mill Hill walianzisha misheni ya Kibabii mwaka 1931. Wao walitoka katika kanisa ambalo, tangu Mtaguso wa Trento wa 1545 hadi 1563, lilikuwa limeshikilia kwamba picha takatifu hufundisha na kuinua moyo. Kwa hiyo walileta sanamu za Bikira Maria na Mtakatifu Yosefu, vituo 14 vya njia ya msalaba ukutani, na madhabahu inayovuta macho mbele. Kwa mkulima wa Bungoma, huenda hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona sanamu ya binadamu iliyosimama peke yake na kupewa heshima. Ilikuwa pia mara ya kwanza kuona utakatifu ukiwa na uso mweupe, na fundisho hilo halikuhitaji kutamkwa ili liingie akilini.

Isidhaniwe kwamba imani inayokataa sanamu inaua sanaa. Pwani yetu inathibitisha kinyume. Misikiti ya Waswahili haina picha za viumbe, na mkono wa fundi ukageukia mihrabu, milango ya nakshi, na zidaka za plasta katika nyumba za Lamu za karne ya 18. Sanaa ilihamia mahali ambapo dini iliipa nafasi. Kwa Frenzi wa Bungoma ilihamia katika uimbaji wa kwaya na katika useremala, na hadi leo fenicha iliyoungwa barabara ina heshima kubwa huku.

Misheni zote mbili zilikubaliana juu ya jambo moja: nyumba ya Mkristo iwe ya pembe nne. Badiliko hilo halikuwa dogo. Katika sehemu nyingi za Uluhya, nyumba ya duara ilizungumza na jirani. Kijiti kilichochomoza juu ya kilele cha paa kilionyesha kwamba mwenye mji yu hai, na alipofariki kiliondolewa. Nyumba ya kijana aliyetahiriwa, simba, ilikuwa na mahali pake karibu na lango. Nyumba ya pembe nne yenye vyumba ilileta fikra nyingine: faragha, kitanda cha wazazi kilichotenganishwa na cha watoto, dirisha, na sebule ya kupokea wageni. Paa la mabati halina mahali pa kijiti. Lugha nzima ya ishara ilinyamaza, na wengi walipoiacha waliona wanapiga hatua ya maendeleo.

Chetambe, 1947

Si wote waliokubali. Elijah Masinde, mzaliwa wa upande wa Kimilili aliyelelewa katika misheni ya Frenzi, aliongoza Dini ya Msambwa, iliyotaka Wabukusu wamrudie Wele, Mungu wa jadi yao, na wahenga wao. Kabla ya misheni, mzee wa Kibukusu alikuwa na namwima katika mji wake, kibanda kidogo kilichojengwa kwa ajili ya wahenga na kutolewa kafara. Kwa macho ya mgeni kilionekana kitu hafifu cha miti na manyasi. Kwa mwenye mji kilikuwa jengo lenye uzito kuliko yote, maana bila hicho mji haukuwa na mizizi. Misheni ziliwataka waumini wakiondoe, na katika miji mingi kiliondoka.

Mwaka 1947 Masinde aliwaongoza wafuasi wake mpaka Chetambe, wakatoa kafara kwa ajili ya waliouawa mwaka 1895. Ngome iliyokuwa magofu kwa nusu karne ikageuka mahali patakatifu pasipo kuongezwa hata konzi moja ya udongo. Hivi ndivyo fikra inavyoweza kujenga bila kugusa kitu. Upande wa pili wa harakati hiyo ulikuwa moto: baadhi ya makanisa, shule na majengo ya masetla yalichomwa, na serikali ikawashika wafuasi wake. Februari 10, 1948, polisi walifyatulia umati risasi huko Malakisi wakaua watu 11. Dini hiyo ilipigwa marufuku, na Masinde akapelekwa uhamishoni hadi 1961.

Kuchoma jengo ni kosa, nami silitetei. Lakini waliowasha moto na waliowapiga risasi walikubaliana bila kujua juu ya jambo moja, kwamba jengo ni tamko. Kanisa la matofali lilisema nani ana haki ya kueleza ukweli, na nyumba ya setla ilisema nani ana haki ya ardhi. Waliopinga matamko hayo waliyapinga pale yalipoandikwa.

Uhuru unatafuta umbo

Sanaa ya kisasa ya Afrika Mashariki ilipata shule yake Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha mwaka 1937. Mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo alikuwa Gregory Maloba, mzaliwa wa magharibi mwa Kenya, ambaye baadaye alifundisha Makerere na kisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Kazi yake inayojulikana zaidi iko Kampala, nayo ni Mnara wa Uhuru wa mwaka 1962: mama ambaye mwili wake umefungwa vitambaa anamwinua mtoto aliyefunguka, mikono juu.

Fikiria safari iliyofupishwa katika sanamu hiyo. Katika jamii aliyotoka Maloba, sanamu ya mtu iliyosimama uwanjani haikuwa desturi. Uchongaji wa umbo la binadamu ulifika na kanisa, ukiwa na uso wa kigeni. Maloba aliuchukua uchongaji huo akaupa kazi ambayo misheni haikuikusudia, yaani kulizungumzia taifa kwa mwili wa mama wa Kiafrika. Kanisa nalo lilikuwa linasogea. Elimo Njau, Mchaga aliyesoma Makerere, alikamilisha mwaka 1959 michoro ya ukutani katika kanisa la Kianglikana la Murang'a, Yesu akiwa Mwafrika katika mandhari ya Kikuyu. Baada ya Mtaguso wa Vatikano wa 1962 hadi 1965 kuzikaribisha tamaduni za wenyeji katika ibada, basilika ya Namugongo ilifunguliwa Uganda mwaka 1975 ikiwa na umbo la duara linalopanda juu mfano wa kibanda. Jijini Nairobi, jumba la KICC la 1973, kazi ya Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso, liliweka ukumbi wenye paa la pia kando ya mnara wake. Duara, iliyoitwa ushamba kwa miaka sabini, ilirudi kupitia mlango wa mbele.

Kitale ilishiriki katika mageuzi hayo kwa namna yake. Mwaka 1926 Hugh Stoneham, setla aliyependa kukusanya wadudu na viumbe, alianzisha makumbusho yake ya binafsi. Alifariki mwaka 1966 akiwa ameusia mkusanyiko huo, na Desemba 1974 serikali ikafungua makumbusho mapya mjini Kitale, ya kwanza katika mikoa ya bara ya Kenya. Makumbusho yaliyoanza na vipepeo yakaongeza nyumba za jadi za jamii za magharibi, zilizojengwa upya uani ili zitazamwe.

Hatua hiyo ilitupa faida na hasara. Faida ni kwamba taifa lilikiri nyumba ya udongo ni kazi ya sanaa inayostahili kutunzwa. Hasara ni kwamba nyumba isiyo na moto jikoni wala mtoto mlangoni inaweza kumfundisha mwanafunzi kuwa utamaduni wake umekwisha na kilichobaki ni kuulipia kiingilio. Nchi ilitukuza duara katika majumba ya umma wakati ule ule wananchi walipokuwa wakiiacha nyumbani kwa sababu iliwakumbusha umaskini. Fikra hizo mbili bado hazijapatanishwa.

Ukuta wa mama

Wachambuzi wengi huzungumzia wachoraji wa Nairobi na kuupita mkono uliochora sana kuliko yote huku magharibi, mkono wa mwanamke. Kujenga fito na kuezeka ilikuwa kazi ya wanaume, lakini kukandika, kusiriba na kupamba ukuta kulikuwa kwa akina mama. Walitafuta udongo mweupe, mwekundu na mweusi, wakaulainisha kwa kinyesi cha ng'ombe, wakachora mikanda chini ya ukuta, mawimbi ya vidole, pembe tatu na maua kuzunguka mlango na madirisha. Ukristo uliipa sanaa hii kalenda mpya: Desemba ikikaribia, kuta zilisiribwa upya ili watoto na jamaa waliotoka mjini waikute Krismasi katika nyumba iliyong'aa. Aliyejua kuchora alifahamika kijiji kizima, ingawa hakuna aliyeandika jina lake.

Sanaa hiyo sasa inapungua kwa kasi. Nyumba ya matofali na saruji inasifiwa kwa sababu haihitaji kusiribwa, na hakuna anayestahili kulaumiwa kwa kutaka nyumba isiyomomonyoka. Hata hivyo, pamoja na ule mzigo wa kazi, mwanamke alipokonywa pia ukuta aliouwekea sahihi. Nyumba mpya hutengenezwa na fundi wa kulipwa, mara nyingi mwanamume, na rangi inanunuliwa dukani. Sokoni nako, tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, safu za maduka zimepakwa rangi za kampuni za simu, za sabuni na za rangi zenyewe. Ukuta uliosema nani anaishi hapa sasa unasema nani anauza hapa.

Mchoro mmoja umestahimili yote hayo. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Agosti ikifika, kijana wa Kibukusu anayekwenda kutahiriwa hupakwa tope la mtoni mwili mzima alfajiri, kisha hurudi nyumbani akiimbiwa. Hospitali imeingia, wembe umebadilika, simu zinarekodi kila kitu, lakini tope lipo. Lipo kwa sababu fikra iliyolizaa ipo: mzunguko wa marika 8 bado unampa mwanamume wa Kibukusu mahali pake katika jamii. Wazo likibaki hai, mtindo wake hupata njia ya kuishi hata katikati ya vifaa vipya.

Geti, kioo na vigae

Leo Kitale na Bungoma zinajengwa kuliko wakati wowote. Mashamba ya masetla yaligawanywa katika mipango ya makazi iliyoanza mwaka 1962 na katika ununuzi wa vikundi uliofuata, kisha yakagawanywa tena kwa watoto, mpaka neno linalotawala likawa ploti. Juu ya ploti unapanda ukuta wa mawe, vipande vya chupa au nyaya za umeme juu yake, na geti la chuma lililochorwa tai au simba. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008 na mapigano ya Mlima Elgon ya miaka hiyo hiyo, hofu hii inaeleweka. Tumerudi kutazama ndani kama watu wa chingoba. Tofauti ni kwamba ukuta wa Chetambe ulikusanya ukoo mzima upande mmoja, na ukuta wa ploti unamtenga jirani na jirani.

Mijini, fikra inayotawala ni kuonekana wa kisasa. Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, ofisi, benki na hoteli zinavaa vioo vya buluu na paneli za alumini hata Kitale, mji ulio karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, wenye hali ya hewa tulivu ambayo dirisha linalofunguka lingeitosheleza. Kioo hicho kinatamka kwamba sisi tumeunganishwa na Nairobi na Dubai. Sioni aibu katika kutamani kuunganishwa, ila nasikitika kwamba tumeliazima tamko zima bila kuongeza neno letu.

Vijijini, sanamu inayojengwa zaidi ni kaburi. Kaburi la vigae lenye msalaba, jina na picha ya marehemu limekuwa jengo la fahari katika miji mingi ya Bungoma na Trans-Nzoia. Mimi naliona kama jibu la pengo lililoachwa na namwima. Wahenga walipoondolewa uani na misheni, jamii iliyohamia, iliyonunua ardhi na iliyogombania mipaka ilihitaji tena ishara kwamba watu wake wako hapa na wana haki ya kuwa hapa. Ishara hiyo ilirudi ikiwa na msalaba juu yake, na mababu na Kristo wakapata kukaa katika uwanja mmoja.

Pingamizi la pesa

Mtu anaweza kusema kwamba haya yote ni pesa: mwenye nacho hujenga kwa kioo, asiye nacho hujenga kwa udongo. Ni kweli pesa huamua nani ataweza kujenga alichokiwaza. Haiamui atawaza nini. Mtaa wa Kipsongo, Kitale, ulithibitisha hivyo kwa miaka mingi. Familia za Waturkana waliofika mjini kwa sababu ya ukame na kupoteza mifugo zilijenga kwa karatasi za plastiki, magunia na maboksi, vifaa vya jalala la mji. Vibanda vyao vilikuwa na umbo la kuba, umbo la nyumba wanayoijenga wanawake wa Kiturkana huko Turkana kwa matawi yaliyopindwa. Kifaa kilikuwa cha Kitale na umaskini ulikuwa wa mjini, ila umbo lilikuwa la kumbukumbu yao. Kama vifaa na pesa vingetosha kueleza mitindo, Kipsongo ingefanana na kila mtaa mwingine wa kimaskini nchini.

Tunachoweza kuamua

Ikiwa mitindo huzaliwa na fikra, basi haituangukii kama mvua ya mawe. Tunaweza kuishauri, kuifundisha na kuichagua. Katiba ya 2010 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na Jedwali lake la Nne linazipa kaunti jukumu la makumbusho, shughuli za utamaduni na upangaji wa ujenzi. Kwa hiyo ofisi zinazopitisha ramani za majengo Kitale na Bungoma zina uwezo wa kuanza na majengo ya umma yenyewe: matofali ya udongo wa hapa, baraza inayomkinga mpita njia, dirisha linalopokea upepo wa Elgon, na ukuta uliotengwa kwa wachoraji wa kaunti badala ya kuachiwa matangazo.

Shule nazo, ambazo kuta zake tayari zina ramani ya Kenya na picha za wanyama, zinaweza kuwaalika akina mama wazee wanaojua kusiriba wafundishe watoto michoro yao kabla ujuzi huo haujazikwa nao. Kakapel na Chetambe zinastahili kutembelewa na mwanafunzi wa huku kabla hajasomeshwa juu ya Roma na Ugiriki, ili akifika huko awe na chake cha kulinganisha.

Sidai turudi kwenye duara, wala simwombi mama yeyote akaishi katika nyumba inayovuja ili mimi nipate cha kusifu. Ninachodai ni kwamba kila ukuta tunaoujenga unatamka jambo kuhusu tunayemwogopa, tunayemwabudu na tunayemhesabu kuwa mwenye nchi. Waliotutangulia kwenye miteremko hii walijua kuta zao zinasema nini, ndiyo maana walikuwa tayari kuzifia au kuziacha. Kizazi hiki kina pesa, mafundi na vifaa kuliko vyote vilivyopita, na wajibu wake wa kwanza, kabla ya kuchagua rangi na kioo, ni kukaa pamoja na kuamua kinataka kusema nini.